Sendo, raba au buti? Tunayodanganyana kuhusu viatu vya mlimani

Kila safari ya wikendi ya kupanda mlima inapopangwa hapa Dar, swali la kwanza si nauli wala chakula, ni viatu. Na majibu yanayomiminika yamewabakiza nyumbani watu wengi wenye miguu mizima kabisa, wakiamini kwamba bila buti la laki tatu mlima haupandiki. Hilo linaniuma, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayosemwa si kweli.

"Bila buti hupandi mlima."

Mlima upi? Pugu, kule Kisarawe, ni vilima vya chini. Wakati wa kiangazi unatembea na sendo imara hadi kwenye yale mapango yaliyochimbwa kaolini, ambayo sasa yamejaa popo, na unarudi salama. Uluguru nayo imekuwa jirani tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, maana Morogoro unafika chini ya saa mbili. Kutoka mjini kupanda hadi Morningside, kwenye mteremko wa milima hiyo ya Uluguru, raba yenye meno mazuri chini inatosha. Waangalie wenyeji: wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani, wengine wamevaa yeboyebo, kwenye mteremko ambao mgeni anaushuka akishikilia majani. Wao njia hiyo wameijua tangu utotoni, kwa hiyo usiwaige siku ya kwanza. Ila ukiwaona, utajua kwamba si buti linalompandisha mtu.

Kilimanjaro ni habari nyingine. Hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kwa hesabu hiyo, siku ambayo Dar ina nyuzi 30, kilele cha Uhuru chenye mita 5,895 kinakuwa kama nyuzi 8 chini ya sifuri, na usiku ambao watu huanza kupanda kileleni baridi inazidi hapo. Vidole vinaweza kuganda. Huko buti lenye joto na soksi nene si anasa.

"Buti refu linazuia mguu kuteguka."

Shingo ya buti inakinga enka dhidi ya mawe, miba na tope, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini ushahidi kwamba inazuia kuteguka ni dhaifu. Hata wachezaji wa kikapu walipofuatiliwa, waliovaa viatu vya shingo ndefu hawakuonekana kuteguka kwa kiwango kilicho tofauti sana na wenzao wa shingo fupi. Kinachoshikilia enka ni misuli yake, pamoja na soli pana isiyoyumba. Tena uzito wenyewe una gharama: kilo moja miguuni inachosha kama karibu kilo tano mgongoni, na mguu uliochoka haunyanyuki vizuri, unajikwaa kwenye kila mzizi. Ukitaka enka imara, simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, asubuhi wa kulia, usiku wa kushoto. Mazoezi hayo hayana bei.

"Buti la mtumba la Ulaya halifi."

Hapa ndipo watu wanapotupa hela. Ukienda soko la mitumba la Karume utapata buti la ngozi limepigwa kiwi, meno ya soli hayajalika hata kidogo. Muuzaji anakuapia kwamba halijavaliwa, na huenda anasema kweli. Tatizo liko katikati, kwenye lile tabaka laini kati ya soli ngumu na ngozi. Kwa buti nyingi za mlimani tabaka hilo ni poliurethani, aina ya povu la plastiki, na unyevu wa hewa huivunjavunja hata kama kiatu kimekaa tu kabatini. Joto huharakisha kazi hiyo, na sisi wa pwani tuna vyote viwili mwaka mzima. Miaka ikipita tabaka linaanza kumeguka kama keki kavu, na mara nyingi linasubiri siku ya safari, mguu ukiwa umebeba mzigo. Nimeona soli nzima ikibanduka kwenye mteremko wa Uluguru. Mwenzetu aliifunga kwa kamba ya katani, ikawa kila baada ya hatua chache kamba inahamia pembeni naye anainama kuirudisha, hivyo hivyo hadi barabarani. Asubuhi ile buti lake ndilo lililosifiwa kuliko yote.

Kabla hujalipa, libonyeze lile tabaka kwa kidole gumba, kwa nguvu. Likirudi mahali pake, endelea kuongea bei. Likibaki na shimo, likinata au likitoa unga, rudisha kiatu mezani. Kikunje mara kadhaa mwangani uone kama kuna nyufa nyembamba, kisha tafuta mwaka wa kutengenezwa kwenye lebo ya ndani ya ulimi. Usijipe moyo kwamba fundi atashona: fundi mzuri atashona soli ikashika, lakini uzi haushiki kitu kilichooza. Raba nyingi hutumia povu la EVA, ambalo haliozi namna hiyo kwa unyevu, ingawa hukakamaa na kubonyea kadiri linavyozeeka. Kwa mtumba, mimi ningechukua raba kabla ya buti.

"Wamasai wanatembea na katambuga, basi ndala inatosha."

Katambuga ni tairi. Mwiba haupenyi kirahisi, mkanda umefungwa nyuma ya kisigino, na mwenyewe ameizoea kwa miaka. Ndala haina lolote kati ya hayo. Kiatu kisipofungwa nyuma, vidole vinajikunja kukishikilia kila hatua, na mkishuka mguu unateleza mbele hadi gidamu inakatika. Sendo ya kutembelea iwe na mikanda mitatu ya kukaza: ya vidoleni, ya juu ya mguu na ya kisiginoni. Hiyo naipenda sana kwenye njia za kuvuka mito, kwa sababu inakauka upesi wakati raba bado inachuruzika. Msituni baada ya masika sivai. Kuna siafu, kuna vijiti vilivyokatwa kwa panga, na nyoka akiuma, mara nyingi anauma chini ya goti. Mwenye magaga naye ajihadhari: vumbi na jua huyapasua zaidi, kwa hiyo apake mafuta mazito kila usiku wiki nzima kabla ya safari.

"Mguu wa Mwafrika hauhitaji kiatu."

Anayesema hivi humtaja Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Ni kweli alishinda. Lakini mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, amevaa viatu, na kwa muda mfupi zaidi: saa 2, dakika 12 na sekunde 11, wakati Roma alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Tena Roma alikimbia peku kwa sababu viatu alivyopewa havikumkaa vizuri.

"Kiatu kisichoingiza maji ndicho bora."

Kwenye baridi, sawa. Kwa joto la huku jasho linakulowesha kwa ndani, na maji ya mto yakishaingia kwa juu hayatoki.

"Chukua namba yako ya kila siku."

Mguu huvimba ukitembea kutwa. Jaribu kiatu jioni, ukiwa na soksi utakazovaa, zisiwe za pamba tupu maana hushika maji. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kwani kushuka ndiko kunakoua kucha. Kivae wiki mbili kwenda kazini na sokoni kwanza. Na mahali pakianza kuwasha njiani, simama hapo hapo ubandike plasta kabla hapajawa lengelenge, hata kama wenzako wamekutangulia.