Simba, gunia na omena

Wiki tatu zilizopita niliitwa Mamboleo, hapa Kisumu, kumwona Simba, mbwa wa miaka miwili. Mwenyewe, mwalimu mstaafu, alinipokea getini: "Karibu mwanangu. Huyu amenishinda. Nikimwambia lala, analala. Nikigeuka tu, yuko mlangoni."

Nilimwomba amwambie alale, nikachuchumaa kumtazama. Simba alilala kweli, lakini kwa kifua, miguu ya nyuma imekunjwa sawasawa chini ya mwili, masikio wima. Mbwa wa namna hiyo hajapumzika, anangoja amri ya pili. Aliyepumzika huangukia nyonga moja, miguu ya nyuma ikatoka upande, kidevu kikagusa sakafu, pumzi ikapungua kasi. Kulala unaweza kuamuru. Utulivu hauamrishwi, unaungojea, na ukiuona unaulipa papo hapo.

Tulitandika gunia kuukuu sebuleni, kando ya kiti cha mwalimu. Malipo yalikuwa omena, yaani dagaa, mkavu asiyetiwa chumvi, mmoja mmoja. Hapa ndipo wengi wanapokosea: humrushia mbwa chakula huku wakimsifu kwa sauti kubwa. Mbwa akiinuka kukidaka, umelipia kuinuka. Muwekee omena juu ya gunia, katikati ya miguu ya mbele, mkono ukienda polepole, bila neno. Ili ale ni lazima ainamishe kichwa, na kichwa kikishashuka mara nyingi hubaki huko.

Mwanzoni tulilipia kukanyaga gunia tu. Baadaye, kulala bila kuambiwa. Baada ya kitambo kirefu Simba alishusha pumzi kwa pua, na nyonga ya kushoto ikalegea ikaenda upande. Mwalimu alitaka kupiga makofi, nikamwomba asipige. Akaweka omena wake taratibu.

Vipindi viwe vifupi, dakika tatu hadi tano, mbwa akiwa ameshatembezwa na kujisaidia. Usimfunge mnyororo kwenye gunia, akiondoka, usimgombeze. Akizoea, simama, piga hatua mbili, gonga meza, fungua geti. Boda boda ikipiga honi akaruka juu, umeharakisha, rudi ulipokuwa.

Ngurumo za jioni ni jambo jingine kabisa. Mbwa anayetetemeka mvua ikipiga mabati hafundishwi kitu saa hiyo. Kaa karibu naye. Kumfariji hakumfundishi woga, hata kama jirani atakuambia unamdekeza. Na mbwa aliyekuwa mtulivu akianza ghafla kuhangaika, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, huenda ana maumivu.

Kilichoniuma ni kwamba Simba alifungwa mchana kutwa, na usiku akategemewa kulinda. Mbwa mzima huhitaji usingizi wa saa 12 au zaidi kwa siku, na huhitaji kunusa na kutafuna. Gunia haliwezi kufidia hayo. Tulikubaliana atembezwe nusu saa kabla ya jua kuwa kali, kwa mwendo wa pua yake, asivutwe.

Jana mwalimu alinipigia simu wakati wa taarifa ya habari. Mtu alikuwa amegonga geti, Simba akaenda hadi mlangoni, akasikiliza, akarudi mwenyewe kwenye gunia.

"Nimpe?"

"Mpe, mwalimu. Polepole."