Si kila anayepanda farasi anatibiwa

Siku za sikukuu hapa Nakuru, mtoto mwenye ulemavu akipandishwa farasi wa kukodi, akazungushwa uwanjani mara mbili na kupigwa picha, watu husema amepata "tiba ya farasi". Amepanda farasi. Tiba ni jambo lingine.

Hipotherapia ni matibabu: mtaalamu wa tibamaungo, wa tiba ya shughuli au wa matamshi hutumia mwendo wa farasi kufikia lengo alilomwekea mgonjwa. Kupanda farasi kwa watu wenye ulemavu ni mafunzo, na mhusika mkuu ni mwalimu wa farasi. Kuendesha gari la kukokotwa na farasi ni tawi la tatu.

Kinachotibu ni mwendo. Farasi akitembea, mgongo wake huipeleka nyonga ya aliyekaa juu mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kuizungusha kidogo, karibu sawasawa na nyonga ya mtu anayetembea kwa miguu yake. Hatua ni kama 100 kwa dakika, kwa hiyo ndani ya dakika 20 kiwiliwili kimejisawazisha mara 2,000 hivi. Mtoto mwenye utindio wa ubongo ambaye hajawahi kutembea hupata mdundo huo akiwa ameketi. Mtaalamu ndiye anayeamua farasi arefushe hatua, asimame au azunguke duara, na pengine humkalisha mtoto akitazama nyuma. Mtoto hashiki hatamu wala hafundishwi kuzishika.

Kwenye mafunzo, hatamu ni za mpandaji. Lis Hartel wa Denmark aliugua polio mwaka 1944 akapooza chini ya magoti. Alilazimika kusaidiwa kupanda na kushuka, lakini kwenye Olimpiki ya Helsinki ya 1952 alishinda medali ya fedha. Pale uwanjani hakuwa mgonjwa wa mtu. Alikuwa mpanda farasi, na kumwita mgonjwa ni kumnyang'anya ustadi wake.

Usalama hautofautiani sana. Mmoja anamwongoza farasi, na kila upande anatembea msaidizi aliye tayari kuushika mguu wa mpandaji. Kosa baya zaidi ni kumfunga mtoto kwenye tandiko kwa leso "asianguke": farasi akianguka au akitimua mbio, mtoto hawezi kutolewa. Mwenye hali ya Down achunguzwe shingo na daktari kwanza, maana mifupa ya juu ya shingo huweza kuwa legevu. Nyonga iliyoteguka, kifafa kisichodhibitiwa na vidonda vya kukaa muda mrefu pia ni sababu za kusubiri.

Gari la kukokotwa humfaa yule ambaye misuli ya mapaja imekaza asiweze kupanua miguu. Hata punda anaweza kulivuta, ila mkokoteni wetu wa maji haufai hivihivi. Panahitajika njia ya mteremko ya kuingizia kiti cha magurudumu, vifungio vya kukikaza sakafuni, na dereva mzoefu kando ya mwenye ulemavu, akiwa na hatamu zake za pili. Mnyama hufungwa kwanza, ndipo mtu anapanda. Mwishoni mtu hushuka kwanza, ndipo mnyama anafunguliwa. Ukimvua mnyama hatamu ya kichwani angali amefungwa kwenye gari, hakuna tena cha kumzuia akishtuka.

Basi ukisikia "tiba" ikitangazwa, uliza mtaalamu ni nani na anatibu nini. Kama hayupo, sema tu mtoto amepanda farasi. Furaha aliyoipata ni ya kweli na anaistahili, ila mama yake asiache kumpeleka kliniki ya mazoezi akidhani raundi mbili za uwanja zimechukua nafasi yake.