Betri kavu kwenye raki: tangu kutolewa kwenye boksi hadi kubeba mzigo

Betri haina swichi. Inveta utaizima, umeme wa TANESCO utaukata kwenye breka, lakini betri ikishatoka kiwandani iko hai mpaka siku itakayokufa. Chukua betri kavu, yaani ile ya risasi na tindikali iliyozibwa, isiyoongezwa maji, ya volti 12 na ampea-saa 100: ukinzani wake wa ndani ni kama milioomu 5. Gawanya volti 12.8 kwa omu 0.005, unapata zaidi ya ampea 2,500. Spana ikidondoka ikalala juu ya chanya na hasi, mkondo huo wote unapita kwenye chuma cha spana, nacho kinayeyuka na kuruka usoni. Ndiyo maana saa, pete na mkufu vinawekwa mfukoni kabla ya boksi la kwanza kufunguliwa, na spana inazungushiwa tepu ya umeme mpini wote, ibaki wazi ncha tu. Miwani ya kinga ivaliwe tangu mwanzo, na kando yako pawe na ndoo ya maji safi na paketi ya magadi soda ya kupikia, ya kuua makali ya tindikali ikimwagika. Ikiingia jichoni, magadi usiyaguse: ni maji tu, dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali.

Mfano wangu ni mfumo tunaokutana nao sana hapa Tanga mjini: raki ya inchi 19 (fremu ya chuma ya kupangia mitambo), inveta ya volti 48 (mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa TANESCO), na betri nne za ampea-saa 100 zenye vichwa vyote viwili, chanya na hasi, upande wa mbele. Mzigo ni wa ofisi, duka la dawa au chumba cha mitambo ya mtandao.

Tuanze na raki, kwa sababu hapo ndipo watu wanapofanya haraka. Betri moja ya aina hii ina kilo 30 hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo nne ni kama 130. Shelfu za kawaida za raki, zile za kuweka swichi ya mtandao zinazoshikwa na skrubu za mbele peke yake, hazikutengenezwa kwa uzito huo. Zinapinda taratibu, betri zinaegemea mbele, na waya ndio unaobaki kuzishikilia. Tafuta shelfu inayofungwa kwenye nguzo zote nne, ipange chini kabisa, na raki yenyewe ifungwe sakafuni au ukutani kabla ya kupakia chochote.

Halafu chukua futi upime upana. Kati ya reli za raki ya inchi 19 kuna milimita 450. Betri zako zikiwa na upana wa milimita 110 kila moja, nne zinakula 440, zinabaki milimita 10 za kugawana zote. Zitaingia, naam, lakini hazitapumua, kwani kila betri inataka walau milimita 10 kati yake na jirani. Mimi ningetumia shelfu mbili, betri mbili mbili, hata kama mwenye mali analalamika kwamba nafasi ya raki inaliwa. (Na ile imani kwamba betri ikiwekwa juu ya saruji inanyonywa chaji, kwa maboksi ya plastiki ya siku hizi haina ukweli. Joto ndilo linalonyonya.)

Joto lenyewe tulizungumze vizuri. Umri ulioandikwa kwenye katalogi, tuseme miaka 10, ni wa nyuzi 25 za Selsiasi. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri unakatika nusu: kwa nyuzi 35, miaka 10 inakuwa 5. Msimu wa kaskazi, chumba cha mtaa wa Ngamiani chenye bati lisilo na dari na dirisha lililofungwa kwa kuogopa wezi, kinaweza kufika huko bila jitihada. Betri za chumba kama hicho ni za waja leo, waondoka leo. Kama hakuna kiyoyozi, fungua tundu la hewa chini na jingine juu ya chumba, na kamwe usiziweke betri kwenye kabati lisilo na matundu. Betri kavu hurudisha gesi yake ndani kuwa maji, lakini ikichajiwa kupita kiasi vali inafunguka na haidrojeni inatoka, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka.

Sasa fungua maboksi. Kagua kila betri pande zote: ufa, uvimbe, unyevu kwenye vichwa. Yenye ufa irudishwe, usijaribu gundi. Angalia tarehe ya kutengenezwa, kwani betri iliyokaa ghalani kwenye joto miezi mingi bila kuchajiwa inaota chumvi ya salfeti kwenye sahani za risasi. Pima kila moja kwa multimita ikiwa haijaungwa na kitu. Nzuri inasoma volti 12.8 hadi 12.9. Chini ya 12.5 ichajiwe peke yake kwanza. Zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.1, usiziunge hivyo hivyo ukitumaini zitalingana zenyewe. Kwenye msururu, yaani chanya ya moja ikiungwa na hasi ya inayofuata, mkondo ni mmoja, iliyojaa itazidishiwa na yenye njaa itabaki na njaa. Kwa sababu hiyo hiyo betri mpya haichanganywi na za zamani, hata kama ni za kampuni moja na ukubwa mmoja.

Zinyanyueni watu wawili, kwa vishikio vyake au kwa chini, kamwe si kwa vichwa. Kichwa kinapovutwa, mpira wa kuzibia kati yake na plastiki unalegea, na tindikali inaanza kutambaa nje polepole miezi kadhaa baadaye.

Kuunga ni kazi ya kutulia. Hesabu ya waya kwanza: mzigo wa wati 3,000, inveta yenye ufanisi wa asilimia 90, betri zikiwa zimeshuka hadi volti 43.2, ni kama ampea 77. Waya wa shaba wa milimita mraba 25 unatosha kwa umbali mfupi, na fyuzi ya ampea 100 inayofaa kwa umeme wa DC (huu wa betri) ifungwe karibu kabisa na chanya ya msururu. Usitumie breka ya nyumbani. Umeme wa AC (ule wa TANESCO) hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche inazimika yenyewe, ila wa DC haupiti sifuri, kwa hiyo cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka mpaka iungue.

Lagi, yaani vipande vyenye tundu vinavyobanwa kwenye ncha za waya, ziwe za shaba iliyopakwa bati, kwa sababu hewa ya bahari ya Raskazone au Chumbageni haichelewi kuigeuza shaba tupu kuwa kijani. Sugua uso wa kichwa na wa lagi kwa brashi. Kisha, jambo linalokosewa kila siku: lagi ikae moja kwa moja juu ya risasi ya kichwa, washa (zile pete bapa za bolti) zije juu yake. Washa ya chuma ikiwa katikati, mkondo wote unalazimika kupita kwenye chuma, kiungo kinachemka, na siku ya mzigo mkubwa plastiki inayeyuka. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu kwa namba iliyo kwenye lebo ya betri, ambayo huwa ndogo kuliko mkono wa fundi unavyodhani. Risasi ni laini; ukizidisha, uzi unang'oka. Ukishakaza ndipo unapopaka vaselini nyembamba kuzuia chumvi, na kuvalisha vifuniko vya plastiki.

Unga ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, acha kiungo cha katikati wazi mpaka mwisho. Hivyo kila nusu ina volti 24 tu muda wote unaohangaika na spana. Kwa volti 48 unaweza kuona ni urembo, lakini kuna UPS kubwa (mashine za kushikilia mitambo umeme ukikatika) zenye betri 16 kwa msururu, volti 192, na hizo zinaua mtu. Mazoea yajengwe kwenye ndogo.

Kabla ya kufunga kiungo cha katikati, fyuzi iwe nje. Kifunge, kisha pima ncha mbili za msururu: volti 51 na kidogo. Ukiona 25 na kitu, betri moja imegeuzwa. Pima pia kati ya kila ncha na chuma cha raki, kabla hujaunga ethi (waya wa ardhini). Namba inayopotea taratibu ni ya multimita yenyewe. Inayong'ang'ania inakuambia kuna waya umebanwa na raki au betri inavuja.

Sasa inveta. Ndani yake mna kapasita (vihifadhi vidogo vya chaji) tupu, na ukichomeka fyuzi ghafla zinavuta mkondo wa kutisha kwa muda mfupi: cheche, fyuzi kuungua, au mguso kuharibika. Pitisha kwanza rizista ya omu 50 hivi, ya wati 25, kwenye ncha mbili za kishikio cha fyuzi kwa sekunde kadhaa, pima kuona volti za upande wa inveta zimekaribia za betri, ndipo uingize fyuzi. Umeme wa TANESCO bado usiwashwe.

Inveta ikiwaka kwa betri, ingia kwenye mipangilio kabla chaja haijaanza kazi. Nyingine huja zimepangwa kwa betri za maji, zile za kuongezwa maji, na mpangilio huo unaweza kuua betri kavu. Floti, yaani volti ya kuishikilia betri ikiwa imeshajaa, ni kama 2.27 kwa seli kwa nyuzi 25. Seli ziko 24, sita kwa kila betri, jumla 54.5. Kwa kila nyuzi moja inayozidi 25 punguza milivolti 3 kwa seli: chumba cha nyuzi 33 kinataka 53.9. Kama chaja ina kihisi cha joto, kibandike ubavuni mwa betri ya katikati, si kukiacha kinaning'inia hewani. Mkondo wa kuchaji usizidi ampea 20. Kile kipengele cha kusawazisha chenye volti 58 na zaidi kizime kabisa. Kikomo cha chini weka 43.2. Namba za mtengenezaji zikitofautiana na zangu, fuata zake.

Washa umeme, chaji saa 24 bila mzigo mkubwa. Kisha pima kila betri ikiwa kwenye floti na uandike. Tofauti ndogo kwenye betri mpya ni kawaida, husogeleana taratibu.

Jaribio la mzigo linafuata. Zima TANESCO, beba mzigo unaojulikana, na mkondo ukiwa ampea 50 hivi gusa ncha za multimita kwenye vichwa vyenyewe, si kwenye lagi, kwa kila kiungo, kichwa hadi kichwa, kwa kipimo cha milivolti. Waya mfupi wa milimita mraba 25 hutoa milivolti chache, chini ya 10 kwa sentimita 20. Kinachosema 30 wakati wenzake wanasema 8 kimelegea au kina washa mahali pabaya. Zima mfumo, toa fyuzi, kifungue, kisuguliwe upya.

Endelea kutoa chaji, ukipima kila betri kila dakika 10. Kwa mzigo kamili wa wati 3,000 tarajia kama dakika 40, si saa nzima na nusu ambayo hesabu ya ampea-saa 100 inakushawishi, kwa sababu ampea-saa 100 hizo ni za kutoa polepole kwa saa 10. Betri inayoanguka hadi 10.8 huku wenzake wako 11.5 ibadilishwe sasa, ingali kwenye dhamana. Ukimaliza, rudisha umeme siku hiyo hiyo. Betri tupu isilale hivyo.

Karatasi yenye namba ya kila betri, tarehe, volti na joto la chumba ibandikwe ndani ya mlango wa raki. Baada ya wiki pima mkondo wa floti kwa klampu ya DC: kwa betri zilizojaa unapaswa kuwa mdogo sana, chini ya ampea moja. Ukikuta umepanda na volti hazijabadilishwa, weka kiganja ubavuni mwa maboksi ya betri. Yakiwa moto kuliko chumba, joto limeanza kuita mkondo na mkondo kuita joto. Zima chaja kwanza, fungua madirisha, na spana isiguse kitu mpaka yapoe.