Shelfu za Kujengea Sebuleni: Yanayosemwa Moshi na Yaliyo Kweli

Katika nyumba nyingi zinazokamilika siku hizi mjini Moshi, kuanzia Shanty Town hadi Pasua, ukuta mmoja wa sebule hutengewa shelfu za kujengea, na mara nyingi umbo lake hutokana na picha ambayo mwenye nyumba alimwonesha fundi seremala kwenye simu. Picha hiyo haisemi ubao una unene gani wala umebeba kilo ngapi, na hapo ndipo dhana nyingi potofu huanzia.

Iliyo kubwa kuliko zote ni ile inayodai kwamba ubao ukiwa mgumu utahimili urefu wowote. Ukweli ni kwamba kupinda kwa shelfu hutegemea mno umbali kati ya mhimili na mhimili. Ubao uliojaa vitabu mwanzo hadi mwisho, ukirefushwa kutoka sentimita 60 hadi 90 bila kuongezwa unene, hupinda takriban mara 5 zaidi, kwa sababu kupinda huko hukua kwa kipeo cha nne cha urefu. Unene nao hulipa vizuri: kutoka milimita 18 kwenda 25, ukakamavu wa ubao huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Mita moja ya vitabu vizito vilivyosimama huweza kufikia kilo 30, na MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ambayo mafundi wengi huipenda kwa kuwa hukatika vizuri na hupokea rangi bila matatizo, hupinda kuliko plaiwudi au mbao halisi za unene huohuo. Kwa MDF ya milimita 18 itakayobeba vitabu, nisingevuka sentimita 60 kati ya mihimili; anayetaka zaidi na abandike ukanda wa mbao uliosimama wima kwenye ukingo wa mbele, maana ukanda huo huongeza ukakamavu na huficha wembamba wa ubao. Zile shelfu za mita mbili zinazosifiwa kwenye picha, ukizitazama vizuri, zimebeba chungu kimoja na vitabu vitatu.

Wapo wanaoamini kwamba mninga haufanyi kosa na kwamba paini ni mbao ya kuezekea tu. Hoja ya msingi hapa ni ukavu. Saipresi na paini za mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai hufaa kabisa kwa shelfu za ndani zikiwa zimekaushwa na kupakwa dawa ya wadudu, lakini mbao iliyopasuliwa juzi na kupigwa randa leo itaendelea kupoteza maji ikiwa ukutani, na kwa kuwa mbao hunywea kwa upana huku urefu wake ukibaki karibu vilevile, viungo vitaachana na ubao utajikunja. Mninga husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi na haupendwi na mchwa, hiyo ni kweli. Ila anayenunua mninga kisha akaupaka rangi nyeupe amelipia uzuri asiouona.

Kuhusu kama shelfu za jipsamu zinaweza kubeba vitabu na televisheni, jibu ni fupi. Bodi ya jipsamu ni unga uliogandishwa kati ya karatasi mbili, nayo hutosha kwa urembo, taa na vinyago vidogo. Vitabu na televisheni vibebwe na ukuta wenyewe kwa skrubu ndefu, au na fremu ya mbao au chuma iliyofichwa ndani ya jipsamu hiyo.

Dhana nyingine ni kwamba kilichoshikana na ukuta kabisa ndicho imara zaidi. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hupitisha unyevu, na mgongo wa kabati usiopakwa rangi huunyonya kimyakimya mpaka uvimbe. Ni afadhali kuchagua ukuta wa ndani. Isipowezekana, mgongo upakwe rangi kabla ya kufungwa na uachiwe nafasi ndogo ya hewa. Mchwa nao hupanda kupitia nyufa zilizo kati ya sakafu na ukuta, kwa hiyo ubao wa chini kabisa, ule unaoficha miguu ya kabati, uwe wa kufunguka ili pakaguliwe.

Kina kikubwa pia husifiwa bila sababu. Ubao wa inchi moja kwa kumi, yaani wenye upana wa karibu sentimita 25, hutosha vitabu vingi. Kina cha sentimita 40 kiachiwe makabati ya chini yenye milango, ambako vumbi la kiangazi halifiki, na kabati la king'amuzi litobolewe matundu ya kupitisha hewa. Kwa kuwa Moshi ipo takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, jua la mchana huwa juu sana, na miale inayofika ndani kabisa ya sebule ni ile ya madirisha ya mashariki na magharibi. Picha za harusi zilizowekwa mkabala na madirisha hayo hupauka mapema.

Mwisho kuna wanaodhani kwamba kila nafasi lazima ijae, tena kwa vitu vya dukani. Kupamba ukuta kwa nafasi zilizojengewa si mtindo uliotoka mbali: nyumba za mawe za Lamu zina zidaka za chokaa zilizopangwa ukutani na kuwekwa vyombo vya kauri. Vizito vikae chini, vyepesi juu, na pawe na sehemu zilizo tupu ili jicho lipumzike. Vyombo vyenyewe vipimwe kabla ya michoro, kwa sababu kibuyu cha mbege alichokiacha bibi, chenye kimo cha sentimita 45, hakiingii katika nafasi ya sentimita 35, nacho hakikatwi. Ubao ndio husogezwa, fundi akiwa bado hajapiga skrubu.