Ujasiri wa Van Gogh: dhana potofu na ukweli kwa wanaoshika brashi Lamu

Kijana akianza kuchora Lamu, awe wa Mkomani, Langoni au Shela, hakawii kutajiwa jina la Vincent van Gogh. Jina hilo huja na maneno yake: kwamba alikuwa mwendawazimu, kwamba hakuuza kitu, kwamba kipaji kilimshukia tu. Maneno haya yana madhara. Anayeamini kwamba mchoraji mkubwa huzaliwa tayari ataiweka brashi chini siku ya kwanza mkono utakapomkatalia. Ujasiri wa Mholanzi huyu ulikuwa katika mambo ambayo mtu anaweza kuyatazama na kuyafanya.

"Alizaliwa na kipaji, hakuna aliyemfundisha"

Van Gogh alizaliwa Zundert, Uholanzi, tarehe 30 Machi 1853. Akiwa na miaka 16 aliingia kazini katika kampuni ya kuuza picha ya Goupil, akaitumikia The Hague, London na Paris hadi 1876. Kisha akasomesha, akauza vitabu, akahubiri kwa wachimba makaa wa Borinage, Ubelgiji. Kote huko hakudumu. Alipoamua kuwa mchoraji ilikuwa mwaka 1880, naye ana miaka 27. Michoro yake ya mwanzo ni mizito, watu wamekakamaa na viungo havilingani.

Aliichukua seti ya masomo ya Charles Bargue, karatasi 60 za kunakili kwa mkaa, akazinakili zote, kisha akazirudia. Ndivyo wanavyojifunza pia mafundi wa nakshi wa Lamu: ua lile lile, mstari ule ule, mpaka mkono uujue. Asiyepata masomo ya Bargue ana milango na zidaka za mji mzima. Achague nakshi moja, aichore kwa ukubwa mmoja mara kumi, na kila mchoro autie tarehe.

Mwaka 1882, alipokuwa The Hague, alijitengenezea fremu ya kuchungulia. Ilikuwa fremu ya mbao iliyotiwa nyuzi: mmoja wima, mmoja mlalo, na mbili za kukingama zinazokutana katikati. Ilishikiliwa na miti miwili mirefu yenye ncha za chuma, aliyoichomeka mchangani pwani ya Scheveningen. Ukitazama kupitia nyuzi hizo unaona mara moja paa limeinama kiasi gani na upeo wa bahari umekata wapi.

Chombo hiki hakigharimu pesa nyingi. Chukua fito nne zilizonyooka, uache nafasi ya ndani ya sentimita 30 kwa 40, upigilie misumari midogo kwenye kona na katikati ya kila ubavu, kisha ukaze mshipi wa kuvulia. Kwenye karatasi chora mistari ile ile kwa penseli hafifu. Funga jicho moja, na kichwa kisihame. Watu huharibu kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni karatasi isiyo na uwiano sawa na fremu: fremu ikiwa 30 kwa 40, karatasi iwe 15 kwa 20 au 30 kwa 40, la sivyo mlingoti wa jahazi utarefuka bila wewe kujua. Ya pili ni kuishika fremu mkononi. Mkono huchoka, na baada ya dakika tano unachora mahali pengine kabisa. Ichomeke, au ifunge kwenye kiti. Katika vichochoro vya Mkomani, ambako kuta huegemeana na mstari wa baraza hukimbilia mbali, fremu hii hukuokoa kuliko kipaji.

Vichwa vya watu navyo alivirudia hivyo hivyo. Kabla ya picha yake ya wakulima wanaokula viazi, ya 1885, alichora takriban vichwa 40 vya wanakijiji. Rafiki yake mchoraji Anthon van Rappard aliikosoa vikali picha hiyo, naye akaendelea. Mwanzoni mwa 1886 aliingia chuo cha sanaa cha Antwerp, na baadaye akawa katika karakana ya mchoraji Cormon, Paris. Kwa hiyo kusema hakufundishwa si kweli. Hakukaa sana kwa mwalimu yeyote, lakini aliwatafuta. Alipokosa pesa za kumlipa mtu akae achorwe, alitumia kioo, na ndiyo maana nyuso zake mwenyewe ni nyingi, zaidi ya 30.

"Wazimu ndio uliomchorea"

Hii ndiyo dhana tunayoichukia zaidi, maana inamfanya kijana aogope tiba au aone ugonjwa ni sifa. Van Gogh aliingia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, Ufaransa, tarehe 8 Mei 1889, akakaa humo mwaka mmoja na kutoa takriban picha 150. Ukisikia hivyo unadhani ugonjwa ulikuwa unamsukuma. Hali ilikuwa kinyume. Shambulio kali lilipompata Julai 1889, kazi ilisimama kwa wiki nyingi. Alipaka rangi kati ya mashambulio, kichwa kikiwa kimetulia.

Picha ya usiku wenye nyota, ile inayojulikana duniani kote, ni ya Juni 1889. Aliipaka mchana, katika chumba chake cha kazi, kwa kumbukumbu ya alichokiona dirishani kabla ya jua kuchomoza. Kijiji kilichomo hakikuonekana kutoka dirisha lile, alikiongeza mwenyewe. Huo ni mpango wa mtu anayejua anachokijenga. Na kile kisa kwamba alipaka usiku akiwa amewasha mishumaa kofiani? Hakuna ushahidi wa kuaminika. Picha ya nyota juu ya mto Rhône, ya Septemba 1888, aliipaka usiku papo hapo akimulikiwa na taa ya gesi.

Wako pia wanaosambaza kwamba alikula rangi ya njano ili furaha imwingie. Alimeza rangi akiwa katika shambulio la ugonjwa, na madaktari wakamzuia kuzishika. Njano ya kromu aliyoitumia ina madini ya risasi ndani yake, na madini hayo ni sumu. Usilambe brashi kuichonga ncha, wala usile ukiwa na rangi mikononi.

Sikio

Wengine husema Van Gogh alijikata sikio lote, wengine ncha tu. Mchoro wa daktari aliyemtibu, Félix Rey, uliotangazwa mwaka 2016, unaonyesha kwamba karibu sikio zima la kushoto lilikatika, ikabaki sehemu ndogo ya ndewe. Ilikuwa usiku wa tarehe 23 Desemba 1888, mjini Arles, Ufaransa. Tunachotaka kikumbukwe ni kwamba Januari 1889 alikuwa amerudi kazini.

"Aliuza picha moja tu, akafa fukara asiye na mtu"

Picha ya shamba jekundu la mizabibu ilinunuliwa na mchoraji Anna Boch kwa faranga 400, Brussels, mwanzoni mwa 1890. Hiyo ndiyo watu huitaja. Lakini tangu 1882 baba yake mdogo, mfanyabiashara wa picha, alikuwa amemwagiza michoro 12 ya The Hague kwa gilda 2.50 kila mmoja. Na katika miezi yake ya mwisho alianza kujulikana: Januari 1890 mhakiki Albert Aurier aliandika makala ya kumsifu, na majira ya machipuko ya mwaka huo picha zake kumi zilionyeshwa Paris.

Fukara asiye na kitu hakuwa. Ndugu yake Theo alimpelekea kama faranga 150 kwa mwezi, pamoja na rangi na turubai. Roulin, mfanyakazi wa posta ambaye Vincent alimchora, alilisha mke na watoto kwa faranga 135. Pesa za Vincent ziliishia kwenye rangi, ndiyo maana mara nyingi alikula mkate na kahawa. Hiyo ilikuwa gharama ya kazi, na aliilipa akijua.

Wala hakuwa peke yake. Theo alikufa Januari 1891, miezi sita baada ya kaka yake. Mjane wake, Jo van Gogh-Bonger, alibaki na mtoto mchanga na mamia ya picha ambazo wachache tu walizitaka. Shemeji huyu alizitunza, akazionyesha, akauza chache chache, na mwaka 1905 akaandaa maonyesho makubwa Amsterdam. Mwaka 1914 alichapisha barua za Vincent kwa Theo. Kazi yake ilisimama juu ya kumbukumbu zilizoandikwa. Mchoraji wa Lamu anayeuza picha kwa mgeni jetini bila kuipiga picha wala kuandika tarehe, ukubwa na jina la mnunuzi, hawaachii wanawe kitu cha kushika.

"Alipaka kwa pupa, popote, bila kujali"

Alipaka haraka, hilo kweli, lakini maandalizi yalikuwa ya makini. Arles ina upepo mkali wa mistral. Katika barua alieleza namna ya kuushinda: chomeka miguu ya egemeo la picha ardhini, pigilia kando yake vigingi vya chuma vya sentimita 50, kisha funga vyote kwa kamba. Njia hii inafaa ufuo wa Shela wakati wa kusi. Mchanga mkavu wa juu, karibu na vilima, haushiki kigingi. Shuka kwenye mchanga wenye unyevu, na kabla ya kufunga kamba ujue saa ya maji kujaa, hasa siku za bamvu. Turubai iinamishe kidogo mbele, upepo usiigeuze tanga.

Mchanga utaingia tu. Picha yake ya bahari ya Scheveningen, ya 1882, ina chembe za mchanga ndani ya rangi hadi leo. Siku ile alilazimika kuikwangua na kuipaka upya. Mchanga ukishika kwenye rangi mbichi usiufute kwa kitambaa, utausaga ndani. Ama ukwangue tabaka lote kwa kisu cha rangi, ama uache likauke ndipo usugue polepole.

Kuhusu ule unene wa rangi katika picha zake: rangi ya mafuta haikauki kama nguo inavyoanikwa. Mafuta yake hushikana na hewa na kuganda, kuanzia juu. Tabaka nene linaweza kuwa bichi ndani kwa miezi. Picha kadhaa za Van Gogh zina sehemu zilizobanwa bapa kwa sababu zilipangwa juu ya nyingine kabla hazijakauka. Anza na tabaka jembamba lenye tapentaini, mafuta yaongezeke kadiri unavyopanda. Ukipindua utaratibu huo, juu patapasuka.

"Rangi tunazoziona ndizo alizozipaka"

Kuta za chumba chake cha kulala, katika picha ya Oktoba 1888, aliziandika kuwa za zambarau hafifu. Leo ni buluu, kwa sababu rangi nyekundu aliyoichanganya imefifia kwa mwanga. Alijua zinafifia, akazipaka kwa nguvu zaidi. Kwa jua la Lamu tahadhari iwe kubwa zaidi: soma ubavuni mwa tyubu daraja la kustahimili mwanga, uchukue I au II. Tyubu isiyo na daraja ijaribu mwenyewe. Paka mistari kwenye karatasi nyeupe, funika nusu kwa karatasi ya fedha ya jikoni, ibandike kwenye dirisha lenye jua kwa msimu mzima wa kaskazi, kisha ifunue. Mara nyingi waridi na zambarau za bei nafuu ndizo zitakazokuwa zimebadilika.