Waini, tartufo na msimu: yale mnayonibishia kila nikija likizo

Mi mtu wa Malindi, mji ambao hata kijana wa tuktuk atakutajia bei kwa Kitaliano, kwa hio lugha niliiokota ufukweni kabla sijapanda ndege, na saa hii ni mwaka wa saba nahudumu mezani kwenye ristorante ndogo huko Langhe, vilima vilivyo karibu na mji wa Alba, Piemonte, kaskazini mwa Italia. Nikija nyumbani watu hunikalisha barazani wanifundishe mimi Mtaliano anakula nini na kunywa nini. Sa leo naongea mimi.

Ya kwanza, ati Mtaliano ni piza na spageti ya nyanya Januari mpaka Disemba. Wapi! Nyanya tamu ni ya joto lao, Julai na Agosti, nje ya hapo wanafungua chupa za nyanya walizopika na kuzifunga Agosti hio hio. Menyu yetu haikai miezi miwili bila kuandikwa upya. Aprili na Mei kuna asparagasi na mayai, joto likizidi kuna pilipili hoho na vitello tonnato, nyama ya ndama iliyokatwa nyembamba inaliwa baridi na sosi ya jodari (mtu wa pwani ukisikia nyama na jodari sahani moja unaguna, mi niliguna pia, sasa naipenda). Halafu inaingia vuli, na vuli yao si mvua kama yetu, ni ukungu, unashuka vilimani mpaka gari la mbele hulioni, na wengi husema zabibu ya Nebbiolo imepata jina hapo, maana ukungu kwa Kitaliano ni nebbia.

Vuli ndo wakati wa tartufo nyeupe, kitu kama uyoga kinachoota chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti, ukikiona utadhani tangawizi iliyopondeka. Watu wanadhani inatafutwa na nguruwe, hapana, ni mbwa, nguruwe alipigwa marufuku maana anafukua mizizi na akiipata anaila. Wanadhani pia mpishi anaipika. Haipikwi kabisa. Naleta sahani ya tajarin, tambi nyembamba za manjano, kilo moja ya unga inaweza kula viini 30 vya mayai na zaidi, juu yake siagi basi, na mkononi nina kimizani kidogo. Napima tartufo mbele ya mteja, namkwangulia vipande vyembamba kama karatasi mpaka aseme basta, napima tena, kilichopungua ndo anacholipia, kwa gramu. Wenye maneno mengi huwa wa kwanza kusema basta.

Na yale mafuta ya tartufo ya kwenye vichupa yanayomwagiwa chipsi kwenye mahoteli? Mengi ni mafuta ya kawaida yametiwa kemikali ya maabara inayoiga harufu moja tu kati ya nyingi za ile yenyewe. Ukiona "tartufo fresh" nyeupe kwenye menyu mwezi wa sita, we agiza kitu kingine.

Sasa waini. Hapa ndo kuna sheria ambayo kila mtu anaijua: nyekundu na nyama, nyeupe na samaki. Sio uongo mtupu lakini inawapoteza watu. Rangi sio shida, shida ni tanini, ile inayokaza ulimi kama umekula bibo bichi la korosho. Nyekundu yenye tanini nyingi ikikutana na mafuta ya samaki mdomoni mara nyingi unapata ladha ya msumari, ila kwenye nyama yenye mafuta tanini inalainika ndo maana Barolo, ile nyekundu kali ya Langhe ya zabibu za Nebbiolo, na nyama ya kuchemshwa taratibu ni ndugu. Lakini nyekundu isiyo na tanini kali haina ugomvi na samaki. Kwetu Piemonte baridi ikianza wanakula bagna cauda, mafuta ya zeituni, thomu nyingi mno na acciughe, visamaki vya chumvi, fikiria jamaa zake dagaa, vinayeyushwa kwenye kichungu cha udongo kinachowekwa juu ya kimshumaa, mnachovya mboga humo wote pamoja. Wanakunywa nini? Barbera. Nyekundu, yenye uchachu wa kukata yale mafuta. Livorno pia, mji wa bandari kabisa, mchuzi wao wa samaki unaoitwa cacciucco unaenda na nyekundu na hakuna anayeshtuka.

Kinachosumbua waini kweli ni vitu ambavyo hakuna anayevitaja. Carciofo mfano, ile mboga ya magamba kama ua halijafunguka, watu wa Roma wanaila sana mwisho wa baridi mpaka Aprili, ina kitu kinafanya hata maji ya kawaida yawe matamu ulimini. Pale hata chupa ya bei mbaya inaharibika ladha, bora maji.

Kuhusu bei: Barolo kisheria haiuzwi kabla ya miezi 38, 18 kati ya hio ndani ya pipa la mbao, kwa hio ghali lazima. Ila wenyeji wenyewe katikati ya wiki wanakunywa Dolcetto changa, nyekundu nyingine ya huko, au Barbera kwenye jagi la nusu lita.

Na hili naulizwa sana na jamaa zangu Waislamu, ati pombe ikichemka inaisha yote. Haiishi. Vipimo vya idara ya kilimo ya Marekani vinasema ikichemka na chakula nusu saa inabaki kama asilimia 35, saa moja 25, saa mbili na nusu bado 5. Brasato al Barolo ni nyama iliyolala ndani ya waini na kupikwa ndani ya waini, risotto nyingi, ule wali wao, zinaanza na glasi ya waini nyeupe, na ndani ya agnolotti, tambi za kujazwa nyama, mara nyingi mna nguruwe. Uliza, mwambie weita *senza vino*, bila waini, hakuna atakayekukodolea macho, swali langu la kwanza mezani huwa ni maji, naturale au frizzante, ya kawaida au ya gesi.

Mwisho, ati nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Chumba gani sasa? Msemo ulizaliwa kwenye nyumba za Ulaya za kabla ya hita, digrii 16 mpaka 18. Malindi Februari chumba ni 30. Hapa nyekundu iingie friji nusu saa kabla ya kufunguliwa, usione haya.

Mjomba wangu hakutaka kusikia. Nilimletea chupa ya Barolo, akaiweka juu ya friji kama pambo, ikakaa Disemba mpaka Agosti ananingoja tuifungue pamoja, maana ati waini kadri inavyokaa ndo inavyonoga. Tukaifungua. Joto lilishaiharibu: rangi ya kahawia, harufu ya zabibu kavu zilizoungua. Mjomba akaonja, akafumba macho, akasema, "Naam. Hii ya zamani kweli." Akaniongezea glasi.