Undugu wa Kwenye Hadithi: Yanayodhaniwa na Yalivyo Kweli

Nimesoma na kuandika hadithi miaka mingi, na hakuna kinachonigusa kama watu wasio na damu moja wanaoishia kuitana ndugu. Ndiyo maana naumia hadithi hizi zinapoelezwa visivyo, hata na wanaozipenda. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi.

"Familia ya kujichagulia ni kiraka tu, tena ni mtindo wa juzi"

Utenzi wa Gilgamesh uliandikwa kwenye mabamba ya udongo huko Mesopotamia zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Gilgamesh na Enkidu wanakutana kwa mieleka, wanakuwa marafiki, na kabla hawajaondoka kwenda msitu wa mierezi, Ninsun, mama yake Gilgamesh, anamfanya Enkidu kuwa mwanawe. Katika Biblia, Ruthu amefiwa na mumewe, na mama mkwe wake Naomi anamsihi arudi kwao. Anakataa, anafuatana naye. Nasi Waswahili tulishasema zamani: undugu ni kufaana, si kufanana.

Na hilo la kiraka? Chukua Silas Marner, riwaya ya George Eliot ya mwaka 1861. Silas, mfumaji, anasingiziwa wizi na rafiki yake wa moyoni. Anahama, anaishi miaka 15 bila kumwamini mtu, kila usiku akihesabu dhahabu yake. Dhahabu inaibwa. Kisha usiku mmoja mtoto mdogo anaingia ndani akifuata mwanga, analala karibu na moto, na mfumaji mwenye macho hafifu anaona nywele za rangi ya dhahabu akadhani mali yake imerudi. Miaka 16 baadaye baba mzazi, mtu mwenye uwezo, anakuja kumtaka binti yake. Binti huyo, Eppie, anabaki kwa mfumaji. Ninachokipenda ni kwamba Eliot hakumfanya yule baba kuwa shetani. Alimpa mali, majuto ya kweli na haki ya damu, na bado havikutosha kuifidia ile miaka ambayo hakuwepo.

"Wanapendana tangu siku ya kwanza"

Mara nyingi hakuna aliyemchagua mwenzake. Katika Anne of Green Gables, riwaya ya L. M. Montgomery ya mwaka 1908, Matthew na Marilla Cuthbert, kaka na dada, walikuwa wameagiza mvulana yatima wa kuwasaidia shambani. Akaja msichana mwenye nywele nyekundu na mdomo usiotulia. Kuchagua kulikuja baadaye, pale walipoamua asirudishwe, kisha wakaishi na uamuzi huo kila siku.

"Kujiweka wazi ni kulia na kusimulia yaliyokupata"

Hii ndiyo dhana inayoharibu hadithi nyingi kuliko zote. Mhusika anaketi kando ya moto, anasimulia utoto wake kwa kurasa nne, msikilizaji anamkumbatia, na mwandishi anaona kazi imekwisha: sasa wanaaminiana. Lakini wapo watu wanaosimulia machungu yao kwa kila wanayekutana naye, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwakaribia. Maneno yameshazoea ulimi, hayawagharimu kitu. Kujiweka wazi ni kumpa mtu uwezo wa kukuumiza, huku ukijua anaweza kuutumia. Kuna mhusika anayeweza kueleza vifo vyote alivyovishuhudia bila sauti kutetemeka, lakini hawezi kumwambia mtu, "Nisaidie kupanda ngazi."

Niliwahi kumwandika msichana mwizi aliyehifadhiwa na kundi la wanasarakasi. Katika rasimu ya kwanza alikuwa na hotuba ndefu kuhusu mama yake. Niliifuta yote, nikambakizia jambo moja: analala na viatu miguuni, kamba zimekazwa, ili ikibidi kukimbia asipoteze muda. Hakuna anayemuuliza. Sura ya tisa, usiku wa mvua, anavivua na kuvipanga mlangoni pamoja na vya wengine. Analala. Anaamka, anavichukua na kuviweka chini ya kitanda. Usiku wa pili anaviacha palepale mlangoni. Alfajiri mpishi anavikuta vimelowa, anavisogeza karibu na jiko vikauke, na hasemi neno. Msomaji mmoja aliniambia alilia alipofika kwenye viatu. Hotuba isingemliza, naamini hivyo kabisa.

Watafiti wa saikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1997 Arthur Aron na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wasiojuana, wawili wawili, waliulizana maswali 36 yaliyopangwa katika mafungu matatu, kila fungu likizama zaidi ya lililotangulia, kwa muda wa dakika 45 hivi. Walijikuta karibu zaidi kuliko wale waliopewa mazungumzo ya kawaida. Angalia mpangilio wake: mambo yanafunguliwa kidogo kidogo, na wote wawili wanajibu. Yule wa kando ya moto anamwaga yote kwa mpigo, na mwenzake hatoi chochote.

"Upendo unaponya kila jeraha"

John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza aliyechapisha kitabu chake kikuu kuhusu uambatanisho, yaani kifungo cha moyo kati ya mtoto na mlezi, mwaka 1969, alieleza kwamba mtoto hujenga matarajio kutokana na alivyotendewa, kisha huyabeba kwa watu wapya. Aliyezoea kuachwa hungoja kuachwa. Kwa hiyo mhusika anayeiba tena baada ya kupendwa hajawa mwovu, wala mwandishi hajakosea. Anawajaribu waliomchukua, kwa sababu kungoja kunamuuma kuliko kufukuzwa.

Hata hivyo, jambo hili lisichanganywe na ile hadithi ya mwanamke anayevumilia kipigo mpaka mume abadilike. Hilo naliandika bila kusita: kuvumilia kuumizwa si kuaminiana, na wivu wa kumfungia mtu ndani si ushahidi wa mapenzi.

Kusamehe nako si kuamini upya. Unaweza leo jioni kumsamehe aliyekusaliti, na bado mwaka mzima ukawa unasikiliza hatua zake kabla hujapata usingizi. Hadithi zinazoruka mwaka huo huwa zinatupa sehemu yao bora.

"Anayewapenda watu wa kubuni hana watu wa kweli"

Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na R. Richard Wohl waliandika kuhusu uhusiano wa upande mmoja, ule ambao mtazamaji anaujenga na mtu wa kwenye televisheni asiyemjua. Hawakuuona kuwa ugonjwa, isipokuwa pale unapochukua nafasi ya maisha mengine yote. Kwa wengi unakaa kando ya urafiki wa kawaida, na nyakati nyingine unauchochea.

Mara ya mwisho nilipofika pale Eppie anapoushika mkono wa mfumaji na kukataa kuondoka, nilikiweka kitabu chini nikampigia simu mama jirani aliyenilea. Hakujua kwa nini nimepiga. Tukaongea nusu saa nzima, zaidi kuhusu goti lake.